Mwanangu anataka tufunge Ramadhani kwenye hoteli nne za Ghuba

Somo,

Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa miaka 67, mjane, nipo Tanga. Barua hii naisema kwa mdomo, mjukuu wangu ndiye anayeandika, kwa hiyo ukikuta neno la kitoto ujue ni lake.

Nina watoto watatu. Wa mwisho, wa kiume, yupo Doha, anafanya kazi hotelini. Alianza kwa kubeba mizigo ya wageni, leo ni msimamizi wa mapokezi. Kila mwezi ananitumia chochote bila kuombwa. Sina lawama naye hata kidogo.

Sasa kaniletea jambo. Ramadhani ijayo, hii ya 2027, anataka anichukue siku kumi. Keshapanga kila kitu na picha kanitumia: Doha usiku mbili, Dubai tatu, Abu Dhabi mbili, Maskati tatu, na kote ni hoteli za nyota tano. Dubai anasema tutafuturu kwenye lile jengo refu, ghorofa ya mia na ngapi sijui. Nikamwuliza, mbona Ramadhani? Akasema ndio mwezi ambao wageni wanapungua, yeye anapata likizo, na vyumba anapewa kwa bei ya mfanyakazi.

Roho yangu inasita. Kila mwaka watoto wa madrasa ya jirani wanafuturu barazani kwangu: uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, kaimati. Nikiondoka nani atawapikia? Halafu niende nikakae kwenye mahoteli yenye bwawa, watu nusu uchi, na pombe, huku nimefunga. Saumu hiyo itakuwa saumu kweli? Nilipomwambia alicheka. "Mama, utakuwa safarini, unaruhusiwa kula." Sikupenda. Mimi mchana wa Ramadhani sijala ila kwa uzazi, na mara moja nilipougua malaria kali. Dawa za presha nameza, lakini nafunga.

Dada yake mkubwa naye kanuna. Anasema hizo pesa zingeezeka nyumba upya, maana bati la uani linavuja. Majirani nao wameshasikia. Mmoja kaniambia, "Mwenzetu mwaka huu unakwenda kufunga kifalme."

Na liko jingine, dogo. Nilimwuliza kwake hapo Doha anaishije. Akanijibu, "Kwangu utapaona tu, mama," kisha akageuza maneno. Katika mpango wake, hata Doha kwenyewe tunalala hotelini.

Sitaki kumvunja moyo. Nikatae kwa maneno gani? Au niende?

Mama wa Watatu, Tanga

* * *

Waalaykum salaam, mama yangu, na shikamoo.

Katika yote uliyoyasema, lililonishika ni hilo uliloliita dogo, kwa hiyo nitaanza nalo.

Wafanyakazi wengi wa hoteli za Ghuba hulazwa na mwajiri kwenye majengo ya wafanyakazi. Chumba kimoja wanalala wawili au zaidi, jiko ni la pamoja, na basi la kampuni linawapeleka kazini na kuwarudisha. Majengo hayo yana kanuni zake: mara nyingi mgeni haruhusiwi kulala, na mwanamke haingii upande wa wanaume hata awe mama mzazi. Kijana wako amepanda cheo na huenda chumba ni chake peke yake, lakini kupanda cheo si kupewa nyumba. Akikuambia "utapaona tu" na kugeuza maneno, mimi nasikia mtu asiye na mahali pa kumlaza mama yake na anayeona haya kulisema. Alicho nacho ni hiyo bei ya mfanyakazi. Kampuni kubwa za hoteli huwapa watu wao vyumba kwa punguzo katika hoteli zao za miji mingine, na punguzo lenyewe huwa kubwa hasa vyumba vinapokuwa vitupu. Kwa hiyo usidhani kakopa, wala usidhani amekuwa mtu wa anasa. Anakukaribisha kwa alichonacho.

Ndiyo maana nakushauri usikatae. Nenda, lakini usiende kwa ratiba hiyo. Ratiba hiyo ni ya kijana wa hoteli anayejua vyumba na hajui magoti ya mama yake.

Hebu tuihesabu. Tanga hadi Dar ni kama kilomita 350 kwa basi. Dar hadi Doha ni kama saa sita angani. Doha hadi Dubai ni ndege tena. Dubai hadi Abu Dhabi ni kilomita zipatazo 140 kwa gari. Abu Dhabi hadi Maskati, ndege. Kisha kurudi. Ndani ya usiku kumi unafungasha na kufungua begi mara nne, na kila kuhama kunaangukia mchana, kwa sababu hoteli zinataka chumba kirudishwe kabla ya adhuhuri au karibu na hapo, na kile unachokwenda hakipatikani mpaka alasiri. Saa za katikati unazimalizia kwenye foleni za uwanja wa ndege na ukavu wa kiyoyozi, na mdomo umefungwa.

Huko Ramadhani maisha yanageuzwa, mama. Mchana mji umelala. Ofisi zinapunguza saa za kazi. Imarati, nchi yenye Dubai na Abu Dhabi, kwa mfano, sheria inawapunguzia wafanyakazi wa kampuni binafsi saa mbili kwa siku. Doha na Maskati migahawa mingi haifunguliwi mpaka magharibi, na kula hadharani mchana kunakatazwa na sheria. Dubai wamelegeza zaidi: tangu 2021 migahawa hailazimiki kuweka mapazia mchana. Baada ya tarawehe ndipo kila kitu kinapoamka. Maduka yanakaa wazi mpaka usiku mkubwa, familia zinatoka na watoto, na mahema ya daku yanajaa mpaka karibu na alfajiri. Anayehama mji mchana anapoteza usingizi wa mchana, na akishaupoteza huo, usiku hana nguvu ya kuona chochote. Ratiba ya mwanao itakuchosha bila kukuonyesha mengi.

Mwombe apunguze miji minne iwe miwili na kipande. Doha ibaki, kwa sababu hapo ndipo anapoishi. Maskati ibaki, nitakueleza kwa nini. Dubai na Abu Dhabi achague moja. Ningekuwa wewe, ningeiacha Dubai na lile jengo lake. Kuhusu jengo lenyewe, mwambie mwanao kwamba mwaka 2011 wanazuoni wa Dubai walitoa fatwa juu ya Burj Khalifa: anayeishi juu ya ghorofa ya 80 asubiri dakika mbili zaidi kabla ya kufuturu, na wa juu ya ghorofa ya 150 asubiri tatu, kwa kuwa huko juu jua linaonekana bado. Mgahawa wa jengo hilo uko ghorofa ya 122. Utakuwa umelipia pesa nyingi ili uchelewe kula tende.

Abu Dhabi ni habari nyingine. Msikiti wa Sheikh Zayed, uliofunguliwa 2007, una kuba 82, na zulia la ukumbi mkuu, lililofumwa kwa mkono, ni kubwa kuliko mazulia yote ya namna hiyo duniani. Ramadhani, kila jioni maelfu ya watu wanafuturishwa bure kwenye viwanja vyake, wengi wao vibarua na madereva kutoka Asia na Afrika. Keti hapo jioni moja, swali isha na tarawehe, lala usiku mmoja au miwili, mwendelee. Wewe ambaye hujazoea kufuturu bila watu, hapo hutajiona mgeni.

Sasa Maskati, mji mkuu wa Oman. Tangu Sultani Qaboos alipotwaa madaraka mwaka 1970, Waomani wengi waliokuwa Zanzibar, Pemba na pwani yetu walirudi huko na Kiswahili chao, na wapo mpaka leo, wao na watoto wao. Utapita sokoni Muttrah usikie mtu anamwita mwenzake kwa Kiswahili cha Unguja kabisa. Utakuta ubani, halua, na mezani haris (bokoboko) na kaimati, ingawa za huko zinamwagiwa asali ya tende. Mama asiyejua Kiarabu cha kuombea maji, ambaye Dubai angekaa kimya akisubiri mwanawe amsemee, Maskati ataongea mwenyewe. Mpe mji huo usiku nne au tano. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001, una nafasi ya wanawake.

Mkipanga vizuri mtakutana na jambo ambalo mjukuu wako atalionea wivu. Usiku wa kuamkia nusu ya Ramadhani, watoto wa Oman wanavaa nguo zao za kiasili na kupita nyumba kwa nyumba wakiimba na kupewa peremende na njugu. Wanauita Qaranqasho. Qatar wanao pia, wao wanauita Garangao. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kwa hiyo usiku huo utakuwa karibu na tarehe 21. Safiri kumi la kati. Kumi la kwanza uko barazani kwako na watoto wako wa madrasa, na kumi la mwisho umesharudi, Lailatul Qadri unaitafutia msikitini kwenu.

Kumi la kati linakuokoa na kitu kingine pia, mwezi. Mwaka 2024 Saudia, Imarati na Qatar zilianza kufunga tarehe 11 Machi, Oman ikaanza tarehe 12. Ukianza mwezi nchi moja na kuumalizia nyingine unaweza kujikuta na hesabu isiyokaa sawa. Ukianza Tanga na kumalizia Tanga, hilo halikuhusu. (Na sisi wenyewe tunavyogombania mwezi kila mwaka, tusiongezee wa watu.)

Watoto wa madrasa kwa hizo siku kumi wapikiwe na binti yako aliyenuna. Sisemi kwa kejeli. Mwanao atume pesa za unga, nazi na sukari kabla hujapanda basi, dada mtu ashike jiko, baraza isilale. Binti aliyeshikishwa shughuli ananung'unika kidogo kuliko aliyebaki kutazama picha za hoteli kwenye simu. Na suala la bati aliseme kwa ndugu yake mwenyewe, wasilipitishe kwako. Ila mwanao ajue kwamba linavuja, maana nina wasiwasi hujamwambia. Ukishapunguza mji mmoja na ile futari ya ghorofani, itabaki kiasi, na bati ni bati.

Kuhusu kufunga, mimi si shehe, nawe unaye wako, kamuulize. Lakini mwanao hakukosea, alisema tu kwa kicheko mahali pasipo pa kucheka. Ruhusa ya msafiri imo katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 185: mgonjwa au aliye safarini atimize idadi katika siku nyingine. Kwetu pwani wengi ni Shafii, na kwa Mashafii anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, hahesabiwi tena msafiri. Ratiba yake ya usiku mbili mbili na tatu tatu ingekufanya msafiri muda wote. Maskati ya usiku tano inakurudisha kuwa mkaaji, unafunga kama kwako, ambako ndiko roho yako iliko. Siku za ndege ndizo za kufikiria. Maswahaba walisafiri na Mtume katika Ramadhani, aliyefunga hakumlaumu aliyekula, wala aliyekula hakumlaumu aliyefunga. Ukiweza, funga. Ukiona unazidiwa, kula ulipe baadaye, na usilie. Jambo moja tu: kwa Mashafii, ukishaamka nyumbani umefunga ndipo ukaanza safari mchana, saumu ya siku hiyo unaiendeleza, isipokuwa ukipata udhuru kama ugonjwa. Kwa hiyo ulizia mapema saa za ndege. Na ukiwa angani, unafuturu kwa jua unaloliona dirishani, usifuate saa ya Tanga wala ya Doha. Doha saa yao ni sawa na yetu lakini wao wako mashariki zaidi, kwa hiyo mwezi wa Februari magharibi yao inaingia kabla ya saa kumi na mbili jioni, zaidi ya saa nzima kabla ya kwenu. Alfajiri nayo inatangulia kidogo. Dubai na Maskati wao wametutangulia saa moja. Mchana wao wa Februari ni mfupi kuliko wetu, na joto ni la kawaida tu, si lile la Julai linalosimuliwa.

Presha haisubiri fatwa. Nenda hospitali mwezi wa Rajabu au Shaaban, daktari akupangie dawa za futari na za daku, maana baadhi ya dawa za presha zinampeleka mtu haja ndogo mara kwa mara na kumkausha maji. Ukienda umweleze na safari.

Bwawa la kuogelea halifunguzi saumu ya anayelitazama kwa bahati mbaya. Mwanao ni mtu wa mapokezi, yeye ndiye anayewapangia wageni vyumba. Akushikie chumba cha upande mwingine, karibu na lifti. Pombe, Qatar na Oman hoteli kwa kawaida husimamisha kuiuza mwezi huo. Dubai haisimamishwi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiacha.

Kumwambia sasa. Usimpigie na orodha ya malalamiko. Mwambie hivi, kwa sauti yako: "Mwanangu, nakuja. Ila mimi ni mtu mzima, miji minne siiwezi. Nipe Doha, nipe Abu Dhabi siku moja, na Maskati nikae. Na Doha nataka jioni moja unipeleke unakoishi, tufuturu na wenzako, tende na maji yatatosha." Likimtoka kwamba kwake hakuingii mwanamke, usishangae wala usimwonee huruma kwa sauti. Mwambie basi wakutane nawe nje, penye mkeka. Doha wanapiga mzinga magharibi inapoingia, Souq Waqif na pale Katara, na watu wanakuja kuutazama na watoto wao. Wenzake waje hapo, uwaone anaolala nao na kula nao.

Majirani wa "kifalme" waache. Ukirudi na tende watakuja wenyewe.

Tiketi mwambie anunue inayobadilishika tarehe, hata ikizidi bei kidogo. Juni 2025 anga la Qatar lilifungwa kwa saa kadhaa kwa sababu ya makombora ya Iran, na abiria wengi wakakwama. Viza kila nchi ina yake, hiyo kazi ni yake afanye mapema. Tanga uondoke siku moja kabla, ulale Dar.

Dawa zako zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, na barua ya daktari. Usibebe vidonge vya maumivu vya kupewa na mtu, kwa sababu kodeini na tramadoli zinawaingiza watu matatani Imarati na Qatar. Na watakuja, mama, wiki ya mwisho, kila mmoja na kifurushi: "Mpelekee mwanangu mchele kidogo, mpelekee dawa za kienyeji." Usipokee hata kimoja, hata cha jirani unayemwamini, maana hujui na yeye kakipokea wapi. Mirungi au bangi ikikutwa ndani ya begi lako huko, umri wako hautakutetea. Mtu akikasirika, mwambie mwanao ndiye aliyekataza.

Somo